"Hatujaiona" si "haipo": jibu la bayopsi katika nchi ya majani chai

Miongoni mwa majibu yote ambayo mzee wa miaka sitini na kitu anaweza kupewa hospitalini, sidhani kuna linalopokewa kwa furaha kuliko hili: "Matokeo ni hasi, mzee, huna saratani." Mzee huvaa kofia yake, humshukuru Mungu, humshukuru na daktari, akapanda matatu kurudi Litein, Sotik au Silibwet, na aghalabu mlango wa kliniki ile hauoni tena. Nakusudia kuwaonyesha wasomaji kwamba sentensi hiyo, inapotokana na bayopsi ya tezi dume, inasema zaidi ya kile kilichopimwa. Nusu yake ya kwanza imetoka maabara. Nusu ya pili, ile ya "huna saratani", imeongezwa njiani, na ndiyo yenye hatari.

Mimi si tabibu. Riziki yangu naipata kwa kufundisha isimu, yaani kuchunguza jinsi maneno yanavyofanya kazi. Lakini ripoti ya maabara ni matini kama matini nyingine, na safari yake kutoka meza ya hadubini hadi sikio la mgonjwa ni kazi ya tafsiri. Tafsiri ikiharibika, uhodari wa daktari na ubora wa mashine haviwezi kumfaa mgonjwa.

Tuanze na kiungo chenyewe, kwa sababu hata jina lake limeleta mkanganyiko. Tezi dume, ambayo wengine huiita tezi ya kibofu, iko chini ya kibofu cha mkojo na huzunguka mrija unaotoa mkojo nje. Neno "dume" limewafanya wanaume wengi wadhani kuwa ni korodani inayozungumziwa, na nimewasikia wasomi, si wazee wa kijijini, wakifanya kosa hilo. Kwa kijana tezi hii huwa na uzito wa gramu 20 hivi. Kwa mzee yaweza kufika 60 au hata kupita 100 pasipo saratani yoyote. Kuvimba huko tu ndiko kunakomwamsha usiku mara nne kwenda msalani. Ama neno saratani, asili yake ni jina la kaa katika Kiarabu, na Wagiriki na Warumi nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa katika lugha zao. Mnyama huyo hujificha chini ya mchanga, na anayemtafuta kwa kuchoma mchanga kwa kijiti anaweza kuchoma mara kumi na mbili asimguse.

Ugonjwa wenyewe si wa kupuuzwa. Kwa makadirio ya mwaka 2020 ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, zaidi ya wanaume 3,000 nchini Kenya hupatikana na saratani ya tezi dume kwa mwaka. Wanaume wenye asili ya Kiafrika huandamwa nayo zaidi: nchini Uingereza imehesabiwa kuwa mmoja kati ya wanne miongoni mwao huipata maishani, ilhali kwa Wazungu ni mmoja kati ya wanane. Askofu Desmond Tutu alipatikana nayo mwaka 1997, na Nelson Mandela mwaka 2001. Hapa kwetu, kifo cha Gavana wa Bomet, Dkt. Joyce Laboso, mnamo Julai 2019, ingawa hakikutokana na saratani ya tezi hii, kililifanya neno saratani litamkwe hadharani katika matanga na makanisa ambamo zamani watu walinong'ona tu kwamba marehemu "aliugua kwa muda mrefu".

Sasa bayopsi. Mzee akipimwa damu na kiwango cha PSA kikaonekana kimepanda, au daktari akiigusa tezi kwa kidole akahisi ugumu, huamriwa akatwe vinyama vya kupimwa. Kwa njia iliyozoeleka, kifaa cha mawimbi ya sauti huingizwa katika njia ya haja kubwa, tezi ikaonekana katika skrini, na sindano yenye tundu ikafyatuliwa mara kadhaa ndani yake. Mwaka 1989 madaktari wa Marekani walipendekeza vipande sita, vilivyopangwa kwa utaratibu kutoka pande zote za tezi. Vilipoonekana kuwa vichache, desturi ikawa vipande kumi hadi kumi na viwili.

Naomba msomaji afanye hesabu nami. Kipande kimoja ni uzi wa nyama wenye unene wa milimita moja hivi na urefu wa milimita 15 hivi. Vipande kumi na viwili vikijumlishwa ni kiasi cha sehemu moja na nusu ya kumi ya mililita. Tezi ya mzee ni mililita 40 au zaidi. Kilichotazamwa, basi, hakifiki hata sehemu moja katika mia. Isitoshe, ule mwangwi wa mawimbi ya sauti huonyesha mipaka ya tezi vizuri lakini mara nyingi hauonyeshi saratani ilipo. Daktari analenga tezi. Halengi uvimbe wa saratani, kwa kuwa hauoni.

Hapa ndipo watu wa Bomet wana tatizo lao la pekee, nalo limetokana na jambo jema. Eneo hili limejulikana duniani kwa saratani ya umio, ile inayoziba njia ya chakula. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek waliandika mwaka 2002, katika jarida la kitabibu la Lancet, kwamba ugonjwa huo ulikuwa ukiwapata hata vijana wa wilaya ya Bomet ya wakati huo. Kwa hiyo hakuna boma lisilomjua mtu aliyemezeshwa mpira wenye taa na kamera. Katika kipimo kile daktari huuona uvimbe kwa macho yake, akachukua nyama papo hapo kwenye kidonda. Katika utafiti wa Tenwek uliochapishwa mwaka 2016, watu 305 wasio na dalili yoyote walipakwa dawa ya iodini ndani ya umio ili sehemu zenye kasoro zijitenge kwa rangi, na mabadiliko ya awali yakaonekana kwa takribani watu 14 katika kila 100. Hiyo ni bayopsi yenye macho. Imejijengea imani kwa haki, na wananchi wameichukua imani hiyo nzima nzima wakaipeleka kwenye bayopsi nyingine ambayo kwa kiasi kikubwa ni kipofu. Jina ni moja, kazi si moja.

Mkulima wa majani chai hahitaji profesa kumweleza tofauti hii. Pale kituo cha kununulia majani, mchumaji humwaga kikapu chake juu ya meza, majani yakatandazwa, na karani akayatazama yote: majani mawili na chipukizi huku, jani gumu na kijiti huku. Kiwandani mambo hubadilika. Pale huchukuliwa ukufi mmoja tu kutoka katika shehena, ukahesabiwa jani kwa jani, na shehena nzima ikahukumiwa kwa ukufi huo. Kila mkulima anajua kwamba hukumu ya ukufi hutegemea mkono ulitua wapi. Umio humwagwa mezani. Tezi dume huhukumiwa kwa ukufi.

Ukufi huo hukosea mara ngapi? Kwa miaka mingi ilikuwa vigumu kusema, kwani aliyeambiwa hana hakukatwa tena ili kuthibitisha. Jibu bora nililolisoma lilitoka Uingereza mwaka 2017, katika utafiti ulioitwa PROMIS. Wanaume 576 walifanyiwa vipimo vitatu kila mmoja: picha za sumaku za MRI, bayopsi ile ya kawaida, na bayopsi ya tatu nzito sana, yenye kuchoma tezi yote kila baada ya milimita tano, ambayo ndiyo iliyofanywa mwamuzi. Katika kila saratani 100 za kutisha ambazo mwamuzi alizithibitisha, bayopsi ya kawaida iliziona 48. Picha za MRI zilizibaini 93. Naam, umesoma sawasawa: kipimo ambacho wazee wetu huondoka nacho wakiamini kimewatakasa kilipitwa na zaidi ya nusu ya saratani zile zile kilizotumwa kuzitafuta. Ni haki niongeze kwamba MRI nayo ina kasoro ya upande wa pili, maana hupiga mbiu kwa wengi ambao hawana ugonjwa wa kutisha. Bila ya sindano haiwezi kumhukumu mtu.

Kuna watakaosema kwamba hayo ni ya Uingereza, na kwamba huku kwetu bayopsi hukosea mara chache. Kwa namna fulani ni kweli, na sababu yake inahuzunisha. Wengi wa wagonjwa wetu hufika wakiwa wamechelewa, tezi imejaa saratani tele, mifupa ya mgongo tayari inauma. Kwa mtu kama huyo sindano hata ikifyatuliwa ovyo itagonga tu. Anayeweza kukoswa ni yule aliyewahi, mwenye uvimbe mdogo katika pembe moja, hasa sehemu ya mbele ya tezi ambako sindano inayotokea nyuma hufika kwa shida. Na huyo ndiye yule ambaye kila mwaka tunamhimiza redioni na misikitini na makanisani ajitokeze mapema! Kadiri kampeni zetu zinavyofaulu, ndivyo idadi ya wanaoweza kukoswa inavyoongezeka. Sijawahi kusikia kampeni hata moja ikilisema hilo kwa Kiswahili.

Nirudi kwenye maneno, ambako nina haki zaidi ya kusema. Neno "hasi" tulilitwaa kutoka hesabu likawa tafsiri rasmi ya jibu la maabara lisiloonyesha ugonjwa. Waliolitwaa hawakufikiria nchi ya wafugaji. Kitenzi "kuhasi" ni kumtoa ng'ombe au mbuzi mapumbu, na kila mzee aliyefuga maksai anakijua. Mwambie mzee huyo, ambaye tayari anaogopa kwamba ugonjwa huu utamwondolea uanaume, kwamba matokeo yake ni "hasi", kisha utazame uso wake. Si mzaha: moja ya matibabu ya saratani hii inapokomaa ni kuondolewa korodani. Upande wa pili, "chanya" humfanya mwingine atabasamu, kwa kuwa katika mikutano ya hadhara "mtazamo chanya" ni sifa.

Lakini "hasi" na "chanya" ni makosa madogo. Kosa kubwa limo katika ukanushaji. Kiswahili, tofauti na lugha kadhaa za Ulaya, kinatuwekea mikononi zana tatu zilizo wazi. "Hakuna saratani" ni kauli ya jumla, haina mwisho wala mipaka. "Hatukuona saratani" ni kauli ya tukio lililopita: tulitazama, hatukuona, shauri limefungwa. "Hatujaona saratani" ni kitu kingine kabisa. Kile kipashio "-ja-" husema kwamba mpaka sasa jambo halijatukia, na kwamba mlango haujafungwa. Mkulima anayesema "mvua haikunyesha" anahesabu hasara. Anayesema "mvua haijanyesha" bado anatazama mawingu ya Mau. Tena tuna "humu", inayotaja ndani ya kitu mahususi kilicho karibu nasi. "Humu hatujaiona." Maneno mawili tu, na yameeleza bayopsi ya tezi dume kwa usahihi ambao kurasa tatu za Kiingereza hazikuuzidi.

Nina mfano wa nyumbani. Baba yangu mdogo, aliyechuma majani chai ujanani kisha akawa na shamba lake mwenyewe, alipimwa miaka kadhaa iliyopita katika hospitali ambayo sitaitaja. Vipande kumi na viwili, majibu baada ya wiki tatu, akaambiwa hana saratani. Hakupewa tarehe ya kurudi. Miaka miwili na miezi baadaye maumivu ya kiuno yalimlaza kitandani, na picha zikaonyesha ugonjwa umekwisha kuingia mifupani. Nilipoletewa bahasha ya karatasi zake, niliisoma ile ripoti ya kwanza mara tatu. Mwanapatholojia hakuwa ameandika kwamba hana saratani. Alikuwa ameandika, kwa Kiingereza cha uangalifu mkubwa, kwamba hapakuwa na dalili ya saratani katika tishu iliyoletwa. Yale maneno matatu ya mwisho, "katika tishu iliyoletwa", ndiyo yaliyobeba ukweli wote. Yalidondoka kati ya maabara na kitanda. Hadi leo mzee wetu huchomwa sindano ya homoni kila baada ya miezi mitatu, na hamlaumu mtu.

Maneno hayo yalidondokaje? Tazama idadi ya mito yanayopaswa kuvuka. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza. Daktari, ambaye huenda ametoka pwani au ng'ambo, huitafsiri kwa Kiswahili kichwani akiwa na wagonjwa thelathini wanaosubiri nje. Mzee anafikiri kwa Kikipsigis. Kati yao husimama mkalimani asiyeajiriwa na mtu: muuguzi kijana, au binti aliyemsindikiza baba yake. Sasa, msomaji, ni binti gani wa Kikipsigis atakayemtafsiria baba yake habari za kiungo kilicho pale kilipo? Heshima yenyewe inamkataza. Atachagua njia fupi, naye baba ataishukuru njia fupi hiyo. "Amesema uko sawa." Mzee wa rika lake angeweza kumweleza kila kitu bila haya, kwa kuwa wenye ibinda moja huambiana yasiyoambiwa watoto. Lakini hospitali zetu hazijafikiria kuwatumia wazee kama hao, ingawa hulipia mabango ya rangi yasiyosomwa na yeyote.

Nimekuwa nikizungumza juu ya sindano inayokosa. Inapopata je? Hapo kuaminika kwake ni kwa juu sana. Mwanapatholojia aliyeiona saratani kwa hadubini mara chache sana huwa ameota. Hata hivyo "ameiona" halijibu swali la pili, nalo ni kaa huyo ana meno kiasi gani. Ukali hupimwa kwa alama alizozibuni Donald Gleason wa Marekani katika miaka ya 1960. Alama mbili hujumlishwa, na jumla ya juu kabisa ni 10. Kwa utaratibu wa siku hizi jumla ya chini inayotolewa katika bayopsi ni 6. Mgonjwa aliyepitia shule husikia "sita juu ya kumi" akadhani yuko katikati ya hatari, kama mwanafunzi aliyepata alama za wastani, kumbe yuko kwenye ngazi ya chini kabisa. Ni kwa sababu hiyo, miongoni mwa nyingine, wanapatholojia wa kimataifa walikutana mwaka 2014 wakaanzisha makundi ya 1 hadi 5, ili sita iitwe moja. Nilifurahi kusikia kwamba kongamano zima la madaktari lilifanyika kurekebisha jambo ambalo kimsingi ni la lugha.

Hata alama hiyo nayo hutegemea ukufi. Tezi nzima inapokuja kutolewa na kukatwakatwa maabara, kiasi cha thuluthi ya wagonjwa waliopewa alama za chini katika bayopsi huonekana kuwa na ugonjwa mkali kuliko ilivyodhaniwa. Lakini upo pia upande wa kutuliza. Katika utafiti mwingine wa Uingereza, wanaume 1,643 waliopatikana na saratani isiyotoka nje ya tezi waligawanywa kwa kura: kundi moja lipasuliwe, la pili lichomwe kwa mionzi, la tatu lifuatiliwe tu. Baada ya miaka 15, kama ilivyochapishwa mwaka 2023, waliouawa na saratani hiyo walikuwa takribani watatu katika kila 100, na tofauti baina ya makundi ilikuwa ndogo mno. Mzee anayeuza ng'ombe na nusu ya shamba la chai ili akapasuliwe haraka ng'ambo kwa sababu karatasi imeandikwa "saratani, 6" ana haki ya kuambiwa hilo kabla ya ng'ombe kuondoka zizini.

Lipo jambo lingine linalohusu kuaminika kwa bayopsi ambalo vitabu vya tiba hulitaja kwa mstari mmoja, nami katika nchi hii ningelipa ukurasa. Ni majina. Vipande huwekwa katika chupa za dawa ya kuhifadhia, chupa zikabandikwa jina, zikasafirishwa, pengine hadi Eldoret au Nairobi. Majina ya Wakalenjin mengi hufuata saa au hali ya kuzaliwa: Kiprotich ni aliyezaliwa ng'ombe wakirejea nyumbani, Kipkorir ni wa karibu na kupambazuka. Ng'ombe hurejea kila siku na kunakucha kila siku. Matokeo yake ni kwamba katika sanduku moja la chupa thelathini huenda akina Kiprotich wakawa watano, na wawili kati yao wana jina moja la ubatizo. Hata katika nchi tajiri, vinasaba vilipolinganishwa imewahi kugunduliwa kwamba nyama ya mtu mmoja imepewa jina la mwingine. Namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa zinapaswa kuwa juu ya kila chupa. Jina peke yake, katika Kericho, si kitambulisho.

Je, wazee waache kupimwa? La hasha. Anayesoma makala haya akaamua kuikwepa sindano atakuwa amenielewa kinyume. Njia ya kuipa sindano macho ipo: tangu mwaka 2019 miongozo ya Ulaya inashauri picha za MRI zitangulie, ili sindano ilengwe mahali penye shaka. Katika jaribio la nchi kadhaa lililochapishwa mwaka 2018, lenye wanaume 500, njia hiyo ilipata saratani za kutisha kwa watu 38 katika kila 100, na njia ya kawaida kwa 26. Pia sindano inaweza kupitishwa kwenye msamba badala ya njia ya haja kubwa, jambo linalopunguza hatari ya vijidudu kuingia damuni. Lakini mashine za MRI na wataalamu wa kusoma picha hizo hukaa mijini, na nauli, kulala na malipo ni mzigo kwa familia inayosubiri bonasi ya majani chai. Ikiwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, inataka kujua pa kuanzia katika saratani za wanaume, mimi ningependekeza ianze kwa kumlipia mzee picha hiyo kabla ya kumlipia bayopsi ya pili na ya tatu.

Wakati tukisubiri mashine, kuna lisilogharimu shilingi. Ni kubadili sentensi. Daktari mmoja niliyezungumza naye alinipinga kwa hoja nzito: mgonjwa anataka neno moja, ukimwambia "hatujaona" atasikia "ipo, inajificha", atarudi nyumbani asilale. Sikubaliani naye. Watu hawa wameishi na kipashio "-ja-" maisha yao yote. Wanajua kwamba mahindi yasiyoiva si mahindi yaliyoharibika. Asichokijua mzee ni kwamba kuna mlango uliobaki wazi, na hawezi kuulinda mlango ambao hakuonyeshwa. Aliyeambiwa "huna" akaja kuzidiwa huacha kuwaamini madaktari wote, naye huhubiri hivyo kwa majirani.

Kwa hiyo nimeandika, nami nawaachia madaktari wa Kericho na Bomet wairekebishe wapendavyo, kauli hii ya kumsomea mgonjwa na kumwandikia kwenye kadi:

"Mzee, tumechukua vipande kumi na viwili vidogo kutoka katika tezi yako. Humu ndani ya vipande hivi hatujaona saratani. Tezi nzima hatujaitazama. Utarudi kupima damu tarehe hii, na kama kipimo kimepanda tutatazama tena. Mgongo au nyonga zikianza kuuma, au mkojo ukizuia, usingoje tarehe."

Itafsiriwe kwa Kikipsigis na mtu mzima anayelipwa kwa kazi hiyo, si na binti wa mgonjwa. Na chini yake iongezwe kitu kimoja ambacho wagonjwa wengi hawajui kuwa kipo. Vile vipande havitupwi baada ya kutazamwa. Hugandishwa ndani ya kitalu kidogo cha nta, na maabara hukihifadhi kwa miaka kadhaa. Kitalu hicho kinaweza kuombwa na kutazamwa upya na jicho la mwanapatholojia mwingine, bila ya mzee kuchomwa sindano nyingine. Kina namba yake. Namba hiyo iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa, kwa tarakimu kubwa, pembeni mwa tarehe ya kurudi.